Mtoto Asiyeingia Kwenye Jedwali

Siku volkano ilipoingia mjini nilikuwa nyumbani Birere nafua nguo, na mume wangu alikuwa Sake akijenga ukuta wa shule. Alikuwa mwashi. Tulikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka minne na nusu. Tangu asubuhi watu walisema ardhi imepasuka upande wa Munigi, lakini sisi wa Goma tumezoea kusikia habari za mlima, nikaendelea na kazi yangu. Alasiri jirani alipita mbio na godoro kichwani.

"Mama, uko unafua ya nini? Moto iko inashuka!"

Nikatupa nguo zilizolowa ndani ya beseni, juu yake nikaweka sufuria na mfuko wa unga, tukatoka. Beseni lilikuwa zito, lilitaka mikono miwili. Kwa hiyo niliuachia mkono wa mtoto nikamwambia, "Shika kikwembe yangu. Usiachie." Kikwembe ni kitenge nilichojifunga kiunoni. Akakishika. Tulienda hivyo, mimi nikiuliza, "Uko?" na yeye akijibu, "Niko."

Karibu na kizuizi cha mpaka wa Gisenyi watu walibanana mpaka nikakosa pumzi ya kuuliza. Moshi ulikuwa umefunika jua. Waasi waliokuwa wanatawala mji wakati ule walikuwa wanapiga risasi hewani ili watu wapange mstari, na kila risasi ilitusukuma zaidi. Sikuuliza tena, ila kikwembe kilikuwa kinavutwa nyuma yangu, na hilo lilinitosha.

Tulipotokea ng'ambo nilitua beseni, nikageuka. Aliyeshika kikwembe changu alikuwa mtoto mwingine.

Alikuwa msichana pia, wa umri uleule, mwenye gauni la njano na mguu mmoja bila kiatu. Hakuwa analia. Alinitazama kama anayengoja kuambiwa la kufanya. Nilimwacha pale nikarudi kwenye umati naita jina la mwanangu, nikasukumwa nikaanguka, na nilipoinuka yule mtoto alikuwa amenifuata, ameshika kikwembe tena.

Siku tatu nilikaa kando ya barabara ya Gisenyi nikitazama nyuso za watoto. Kisha watu walianza kurudi, nasi tukarudi. Jiwe lilikuwa bado na moto chini, soli za viatu zilinuka, nikambeba yule mtoto mgongoni. Nyumba yetu haikuwepo. Hata mahali ilipokuwa sikupajua, kila kitu kilikuwa jiwe jeusi linalotoa mvuke.

Mume wangu alikuja kwa miguu kupitia Lac Vert. Alitukuta Himbi, kwenye uwanja wa shule ambako familia nyingi zilikuwa zimelala. Aliniona kwa mbali, akaona na mtoto mgongoni, akaanza kukimbia. Sijasahau jinsi alivyokuwa anacheka akikimbia. Alipofika akamzungusha mtoto amtazame uso.

"Huyu ni nani?"

Nilimfungua yule mtoto mgongoni nikamweka chini.

"Mama, mutoto yetu yuko wapi?"

Nikamweleza. Hakunipiga, wala hakupaza sauti. Alikaa chini kwenye vumbi, akavua kofia yake ya kazi, kisha akampa yule mtoto kipande cha mkate alichokuwa amekihifadhi mfukoni tangu Sake.

*

Parokia ilifungua biro, yaani ofisi, ya kutafuta watoto waliopotea. Nilikwenda kuandikisha wangu. Waliona ninajaza fishi, ile fomu yao, mwenyewe kwa mwandiko mzuri, wakaniuliza kama ninajua kupiga mashine, nami nilikuwa nimejifunza shuleni. Wiki iliyofuata nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta, kazi yangu kuingiza watoto wa wengine.

Tulikuwa tunatumia jedwali. Kila mtoto alikuwa mstari, na kila mstari ulikuwa na vyumba: jina, jina la ukoo, jina la ubatizo, umri, baba, mama, anwani. Programu haikukubali chumba cha jina kikiwa kitupu. Lakini mtoto wa miaka mitatu anajua nini? Anajua baba anaitwa Papa. Yule wangu wa kikwembe alijiita kwa neno moja tu la nyumbani kwao, neno ambalo mimi, mtu wa milima ya Masisi, sikulijua hata maana yake. Kwa watoto wa namna hiyo tulipiga herufi X ili mashine ituruhusu kuendelea.

Miezi michache baadaye tukaunganisha orodha yetu na za Gisenyi na Bukavu. Wao pia walikuwa wamepiga X. Programu ilipoona X wa kike wa miaka minne hapa, na X wa kike wa miaka minne kule, ikadhani ni mtu mmoja, ikawakunja pamoja. Watoto waliingia wengi wakatoka wachache. Mkuu wa biro, mama mmoja mtawa mwenye haraka sana, alikaa kwenye kiti akasema, "Tumewapoteza mara ya pili."

Ndipo akaitwa muzee mmoja wa Butembo, fundi wa kompyuta, ambaye barabara ya kwao ilikuwa imefungwa na vita akakwama Goma. Alitukusanya sisi wapigaji watatu kwenye chumba cha katekisimu, akachukua chaki, akasema atatufundisha XML. Alilitamka Kifaransa, iks-em-el.

"Hii si programu," alisema. "Ni namna ya kuandika. Umeme ikikatika unaweza kuiandika na bic kwenye kartasi, na mutu yeyote mwenye kusoma ataielewa."

Akaandika ubaoni:

<mtoto>
<umri>4</umri>
<nguo>gauni la njano</nguo>
</mtoto>

Alisema kila habari unaipa lebo yake kwenye mabano yenye pembe. Lebo ya mbele inafungua, ya nyuma inafunga, na ile ya kufunga ina mkwaju mdogo ili mashine ijue habari imeisha. Lebo zinaweza kukaa ndani ya lebo nyingine, kama umri na nguo zinavyokaa ndani ya mtoto, na mtoto ndani ya familia, lakini kilichofunguliwa ndani lazima kifungwe ndani, kabla ya kufunga cha nje. Faili zima liwe na lebo moja kubwa inayobeba zote. Sisi tuliiita <watoto>.

"Na hizo lebo, ni nani anazichagua?" niliuliza.

"Ni nyinyi. Hapo ndipo uzuri wake. Jedwali inakuuliza maswali yake. Hapa ni wewe unasema unajua nini."

"Na kama mutoto hana jina?"

"Basi hauandike jina. Unaandika ile yuko nayo."

Siku hiyo nilifurahi, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kufurahi tangu mpakani. Mwanzoni makosa yalikuwa mengi. Mwenzangu alifungua na <mutoto>, kama tunavyosema hapa kwetu, akafunga na </mtoto>, kama ilivyo kwenye vitabu, na mashine ikakataa faili zima kwa ajili ya herufi moja. Muzee alicheka. "Kwetu ni mutoto mmoja. Kwa mashine ni wawili, na wa kwanza hajafungiwa mlango."

Tulikaa pamoja kupanga lebo. Muzee alituuliza watoto wanapoletwa wanasema nini hasa, si nini wanaulizwa. Tukaweka lebo ya jina la nyumbani, ya makovu, ya nyimbo wanazojua, na moja tuliyoiita <maneno_yake>, ya kuandika chochote mtoto alichosema kuhusu kwao, kwa maneno yake mwenyewe. Alituandikia pia kanuni kwenye faili la pembeni: umri lazima uwepo, jinsia lazima iwepo, mahali alipopatikana lazima. Nyingine zote ni hiari.

Wa kwanza kumwandika alikuwa mwanangu. Ilinichukua siku mbili. Niliandika kila kitu. Chini kabisa tulikuwa na lebo ya hali, na hapo niliandika: anatafutwa.

Kisha nikamwandika yule mtoto mwingine. Umri, gauni, kiatu kimoja, jina la nyumbani kama nilivyolisikia. Nilipofika kwenye <maneno_yake> nikasimama.

Maneno alikuwa nayo. Kila asubuhi alinisimulia mambo ya kwao wakati ninamchana nywele. Alisema kwao kuna maji makubwa. Alisema kwao kuna ndege kubwa ya upara, inasimama kama muzee, inangoja matumbo ya samaki. Alisema viboko wanakuja kula majani nyuma ya jikoni na mama yake anawafukuza kwa kupiga sufuria. Mimi nilizaliwa kati ya ng'ombe, sikujua mahali pa namna hiyo, lakini nilijua kwamba mtu fulani akisoma maneno hayo angepajua mara moja.

Wakati huo alikuwa ameshaanza kuniita mama. Mume wangu, ambaye miezi ya kwanza hakuweza kumtazama, alikuwa amemtengenezea kiti kidogo cha mbao, na akitoka kazini alimwita kwanza yeye.

XML ina namna ya kuonyesha lebo isiyo na kitu ndani: unaifungua na kuifunga kwa pigo moja. Nikapiga <maneno_yake/>. Mashine haikulalamika.

Muzee alipopitia kazi yangu aliweka kidole kwenye kioo. "Huyu haongei?"

"Haongei," nikamjibu.

*

Nilikaa na uongo huo miezi saba.

Siku moja aliletwa mama wa Masisi ambaye mwanawe alikuwa amepatikana Bukavu. Alipomwona mlangoni hakumkimbilia. Alishuka sakafuni, akaanza kutambaa kwa magoti mpaka alipomfikia, akamshika visigino. Wenzangu walikuwa wanalia na kupiga makofi. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya ukuta, kwa sababu wazo moja lilikuwa limeniingia: mahali fulani yuko mwanamke anayemchana mwanangu nywele, na mwanangu anamsimulia habari zangu, na mwanamke huyo ameacha lebo ile tupu.

Nikarudi ndani. Nikafungua faili, nikaandika ndege ya upara, na maji makubwa, na viboko, na sufuria. Niliandika yote kama alivyoyasema.

Butembo ilikuwa mikononi mwa uasi mwingine, na wa kwetu na wa kwao hawakuwa wanapatana. Karatasi yenye muhuri wa Goma kule ilikuwa sababu ya kufungwa. Muzee alipopata njia ya kurudi kwao kwa kuzunguka Uganda, alibeba faili letu kwenye disketi ndani ya kitabu cha sala. Aliniaga kwa mkono tu. Hakuniuliza kwa nini mtoto asiyeongea alikuwa ameongea ghafla, lakini nilijua amesoma.

Majibu yalirudi baada ya miezi minne, disketi hiyohiyo, mkononi mwa muuguzi. Watu wa Butembo walikuwa wameongeza lebo zao ambazo sisi hatukuwa nazo, lakini programu aliyotuachia muzee iliruka isizozijua ikasoma inazozijua. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kati ya wazazi wanaotafuta kulikuwa na mama wa Vitshumbi, kwenye ziwa Edward. Alikuwa amelazwa Goma siku ya volkano, amepasuliwa, na binti yake wa miaka minne alikuwa ameachwa kwa shangazi. Shangazi alimpoteza mpakani. Mama alirudi kwao, vita vikamfukuza mpaka Butembo. Kwenye jina la nyumbani kulikuwa na neno lililofanana na letu nusu tu. Lakini chini yake aliyeandika alikuwa ameweka: gauni la njano, na anaogopa makorongo ya upara pale samaki wanapopasuliwa.

Nilimwambia mume wangu mchana, alipokuja kula. Alisikiliza, akasukuma sahani.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna. Ni mimi tu."

"Ulisema ile kitu ni maandishi. Ulisema hata mutu anaweza kuandika na bic."

"Ndiyo."

"Basi futa."

Mtoto alikuwa nje anapika chakula cha udongo kwenye kopo. Tulikuwa tunamsikia akiongea peke yake.

"Papa," nikamwambia, "na kama kuna mutu yuko na mutoto yetu, na yeye anafuta?"

Aliondoka, na kazini hakurudi siku ile. Nilimkuta jioni mahali ambapo tulikadiria nyumba yetu ilikuwa, amekaa juu ya jiwe. Nikakaa kando yake. Alisema, "Mwambie aje haraka basi. Akikawia sitaweza."

Alikawia wiki sita, kwa sababu naye alilazimika kuzunguka Uganda. Alikuwa mwembamba, mrefu, amevaa viatu vya kuazima. Mtoto alipomwona alijificha nyuma ya mume wangu. Karibu miaka miwili ilikuwa imepita. Niliona uso wa yule mama ukivunjika, na Mungu anisamehe, kwa dakika moja nilipata tumaini.

Hakumvuta. Alikaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akaita neno lile la nyumbani. Sisi tulikuwa tunalitamka vibaya muda wote ule, tulilikaza mahali pa kulivuta. Mtoto alitoa kichwa. Mama akaita tena. Mtoto akatoka polepole, akaenda akamgusa shavu kwa kidole kimoja, halafu akageuka akaniuliza mimi, "Ni huyu?"

"Ni huyu," nikasema.

Waliondoka kesho yake. Mume wangu aliwasindikiza mpaka mpakani akiwa amembeba mtoto. Mimi nilibaki, nikaenda biro, nikabadili hali ya mtoto yule kutoka "anatafutiwa wazazi" kuwa "amerudishwa". Mama mtawa alinikumbatia mbele ya wote akasema mimi ni mfano. Sikumwambia kitu kuhusu ile miezi saba. Ninakisema hapa kwa mara ya kwanza.

*

Miaka ilipita. Uasi uliisha na mwingine ukaanza. Waasi wapya walipouchukua mji, kompyuta za biro zilibebwa zote, hata nyaya. Lakini mama mtawa alikuwa amechapisha faili zima kwenye karatasi, na kwa kuwa kila lebo ilikuwa inasomeka kwa macho, tulikaa na kompyuta moja ya kuazima tukalipiga upya tangu mwanzo, mtoto mmoja baada ya mwingine. Jedwali la zamani hatukuweza hata kulifungua, programu yake ilikwenda na mashine.

Kisha fedha za kazi zilikwisha, na tukaambiwa biro inafungwa, majalada yote yakabidhiwe Kinshasa. Kabla ya kukabidhi, kila familia ilitakiwa kusoma habari za mtoto wake na kuthibitisha. Nilichapisha ukurasa wa mwanangu nikaupeleka nyumbani. Mume wangu hakuwa amewahi kuusoma. Muda wote ule hakutaka. Alivaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, pamoja na lebo zenyewe, kufungua na kufunga, kama anasoma somo kanisani. Alipofika kwenye makovu akausoma mstari mara mbili.

"Umeandika goti la kuume."

"Ndiyo. Alianguka kwenye ngazi ya kisima."

"Ilikuwa la kushoto."

"Papa, ni mimi nilimuosha ile kidonda."

"Na mimi nilimubeba. Mguu wa kushoto ndio ulikuwa huku, kwenye mkono wangu. Aliulalamikia."

Tulibishana. Kwanza kwa utulivu, halafu tukainuka, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kwenye mwili wake mwenyewe jinsi mtoto alivyokuwa amekaa, alivyoanguka, damu ilikotokea. Picha hatukuwa nayo hata moja, zilibaki Birere chini ya jiwe. Majirani waliomjua walikuwa wametawanyika. Tulikuwa watu wawili tu duniani wa kuulizwa, na kadiri tulivyozidi kubishana ndivyo nilivyozidi kukosa hakika, na nilimwona yeye pia akianza kutazama goti lake kama hajui tena.

Kwa miaka kumi na zaidi faili lile lilikuwa limezunguka Bukavu, Gisenyi, Butembo, likisomwa na watu wema waliopandisha gauni za watoto kutazama goti la kuume.

Mume wangu alivua miwani. "Andika yote mbili," alisema.

Kesho yake nilikwenda biro mapema. Nikaandika lebo mbili za kovu, moja ndani yake "kulia, kwa kumbukumbu ya mama", nyingine "kushoto, kwa kumbukumbu ya baba". Mashine ilikubali zote mbili. Mama mtawa, ambaye sasa alikuwa amezeeka na haraka zake zimepungua, aliniuliza kama nimebadili na hali, maana Kinshasa walitaka majalada ya zamani yaandikwe kuwa yamefungwa. Nikamwambia ya wengine nimebadili yote, kama tulivyoagizwa.

Ya mwanangu niliiacha: anatafutwa. Tukaliweka faili kwenye flashi mbili na karatasi zake kwenye boksi, mume wangu akaja na kamba akalifunga boksi vizuri, akalibeba kwenye bega mpaka uwanja wa ndege.